Mama Karani na Ushahidi Wangu

Watu wa Arua walimwita Mama Karani, ingawa karani mwenyewe wa korti alikuwa mwanamume mnene aliyekaa chumba cha mbele akigonga mihuri. Yeye alikuwa mpiga taipu. Alikaa chumba cha nyuma, penye dirisha moja lililotazama bomba la maji, na mezani kwake kulikuwa na mashine nyeusi ambayo kuihamisha kulihitaji watu wawili. Hakuwahi kuwasahihisha waliomwita hivyo. Siku nilipomuuliza sababu, alicheka.

"Wacha waite. Wakisema karani, watakuya kwa mimi. Wakisema taipisti, watanipita waende kwa mwanaume."

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sizijui vizuri. Ndugu zake wa Logiri wanaweza kuzisimulia kuliko mimi. Ninachokijua ni ile miaka yake ya kortini, na machache ya miaka iliyofuata. Nikimwandika yeye, lazima nijiandike na mimi pia, na hapo ndipo kazi inaponiwia ngumu. Nimeianza mara nyingi na kuiacha.

Sheria hakuisomea chuo chochote. Aliipata kupitia vidole. Tangu kabla ya vita vya 1979 alikuwa akipiga taipu hukumu, viapo na mienendo ya kesi, na kila kilichopita mikononi mwake kilimbaki kichwani. Angeweza kukuambia shauri fulani la mjane na mashine yake ya kushona liliamuliwaje, na hakimu alitoa sababu gani, kama mtu anayekusimulia harusi ya jirani.

Saa ya chakula wanawake walimfuata pale bombani. Walikuja wauzaji wa sokoni, wafagiaji, wapishi wa hoteli, washonaji wa barazani, wasichana waliouza katika maduka ya watu. Wote walikuwa na kazi, na wote walikuwa na jambo lililowapata kazini ambalo nyumbani hawakuweza kulisema. Mama Karani aliwasikiliza huku akila muhogo wa kuchemsha na mchuzi mzito wa simsim. Hakumkatiza mtu. Mwanamke akimaliza, alimuuliza neno moja tu kabla ya yote.

"Iko karatasi?"

Kama ipo, aliisoma mara mbili. Kama haipo, aliuliza nani aliona.

Namkumbuka mpishi mmoja wa hoteli aliyefukuzwa kwa sababu alikataa kwenda chumbani kwa meneja. Alifika akilia, kanga imemlowa. Mama Karani akamwambia, "Utalia nyuma. Kwanza sema, ilikuwa siku gani?" Alimfanya arudie habari ile mara tatu, mpaka siku na saa zikapatana na majina ya watu watatu walioona yakatajwa. Kisha akafunga mkebe wake wa chakula, akamshika mkono, wakaenda hotelini wote wawili, nami nikawafuata. Mama Karani aliketi, akaagiza chai, akainywa yote taratibu. Meneja alipokuja kusalimia, kwa kuwa alimfahamu kuwa mtu wa korti, akamwambia kwa upole kabisa:

"Huyu mama iko na mashahidi tatu. Wewe iko na ngapi?"

Kesho yake yule mpishi alirudi jikoni. Hapakuwa na kesi wala wakili. Mama Karani hakulisimulia jambo lile kwa mtu yeyote, na nilipoanza kulisimulia mimi, aliniambia ninyamaze, kwamba meneja aliyeaibishwa mbele ya mji mzima atamfukuza tena yule mama kwa sababu nyingine.

Nilifikaje mimi chumbani kwake? Kwetu ni Koboko. Baba alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa mwaka ule wa 1979. Nyumba nyingi za Koboko zilikuwa na askari, basi wakati wa kukimbia ulipofika tulikimbia karibu wote, tukavuka kwenda Sudan. Baba hakuonekana tena. Mama alitulea ukimbizini kwa jembe la kuazima, na vita vya huko vilipotufikia tukavuka kurudi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, najua Kiingereza cha shule ya kambini na Kiswahili cha baba. Nilikwenda Arua kukaa kwa shangazi na kutafuta kazi. Shangazi aliuza vitambaa sokoni na alikuwa mmoja wa wanawake wa bombani. Ndiye aliyenipeleka.

Mama Karani aliitazama mikono yangu kwanza. "Iko vidole refu," alisema. "Utakuya kila siku, kazi ya korti ikiisha. Ukichelewa mara moja, hapana rudi."

Alinifundisha mwaka mzima bila kutaka chochote. Alikuwa mkali. Alifunika vibonye kwa kitambaa ili nisitazame vidole, na nikikosea alinipiga kwa rula kwenye kifundo cha mkono. Sehemu ya mafunzo ilikuwa kusoma. Hakimu aliandika kwa mkono, Mama Karani alipiga taipu, kisha mtu wa pili alishika yale maandishi ya hakimu na kuyasoma kwa sauti, neno kwa neno, naye akifuata kwenye nakala yake kuona kama pana kosa. Mtu huyo wa pili nikawa mimi. Jioni nyingi tulikaa hivyo, mimi nasoma, yeye anafuata kwa kalamu, jua likishuka nyuma ya bomba.

Siku moja nilisoma sentensi nikaruka neno dogo, nikidhani halina maana. Alinisimamisha.

"Rudia. Hiyo neno ni ya mutu. Alisema mbele ya Mungu. Hapana yako ya kutupa."

Nisingependa mtu adhani alikuwa malaika. Alidharau wasichana waliovaa suruali, akawaambia hivyo usoni. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na mimi Mwislamu, na hakuchoka kunitania kwamba sisi watu wa Koboko tunajua kupiga saluti tu. Tairi ikipasuka barabarani aliingia chini ya meza, kisha akatoka akijikung'uta vumbi kana kwamba alikuwa akitafuta kalamu.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa shemeji yake. Mume wa Mama Karani alikufa ukimbizini Zaire, walikokimbilia baada ya vita, na mdogo wa mume huyo akawa ndiye mwanamume wa nyumba. Kule kambini kadi za chakula ziliandikwa kwa majina ya wanaume, wajane wakawekwa chini ya mashemeji. Mama Karani aliwashauri wajane wengine wadai kadi zao, na wengine walizipata. Yake mwenyewe hakuidai. Na baada ya kurudi Arua, shemeji huyo alipokuja kortini kumtembelea, yule mwanamke aliyemnyamazisha meneja wa hoteli alipiga magoti sakafuni kumsalimia, akamwachia kiti chake, akasimama mpaka mgeni alipoondoka.

Nilimuuliza, "Mama, wanawake wa bombani unawaambia wasimame. Mbona wewe unapiga magoti?"

Akaniambia, "Hawa wa bomba iko na kesi. Mimi iko na familia."

Alikuwa na nyumba ndogo ya matofali pembeni mwa mji, vyumba vitatu na ua, aliyoijenga kwa kazi yake mwenyewe. Wakati wa kuomba kiwanja, aliyekuwa akiandika majina alitaka jina la mwanamume, naye Mama Karani akaandikisha la shemeji. Aliniambia jambo hilo kwa haraka, akitazama pembeni, na sikumuuliza zaidi. Mimi nilikuwapo wakati wa ujenzi. Niliteka maji ya kukandia udongo, nikaona yeye ndiye aliyewaita mafundi, yeye aliyewapikia, yeye aliyewaonyesha mlango ukae wapi. Shemeji alifika mara moja tu, kula.

Kazi ambayo Mama Karani alinitafutia ilikuwa katika ghala la mfanyabiashara mmoja, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Inde. Mfanyabiashara huyo alinunua tumbaku kwa wakulima, na ndani ya ghala wanawake kama thelathini walikaa sakafuni kuanzia asubuhi wakichambua majani kwa daraja, vumbi likiwapanda puani, wakikohoa. Mimi nilikaa ofisini, kwenye kiti, nyuma ya kioo, na baada ya miezi kadhaa nikapata mashine mpya ya taipu, ambayo mimi na Mama Karani tulikwenda kuichukua. Nakiri nilikipenda kile kioo.

Miongoni mwa wachambuaji alikuwapo Letaru, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, aliyewaimbisha wenzake kazi ikichosha. Alipata mimba. Alifanya kazi mpaka wiki ya mwisho, akajifungua, na baada ya wiki chache akarudi na mtoto mgongoni. Nyapara akamwambia jina lake halipo tena. Mwenye ghala hataki watoto ndani ya tumbaku, wala hana kazi kwa mtu aliyeondoka bila ruhusa.

Letaru alikwenda bombani. Mama Karani alimwambia kwamba sheria inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya kuzaa, na kwamba kuzaa si kutoroka kazi. Letaru hakujua kusoma wala kuandika. Mama Karani akamwandikia madai yake, akayapiga taipu kwa mashine ya korti, juu ya karatasi ya korti, akamwekea mahali pa kubandika kidole gumba. Hilo halikuruhusiwa. Mpiga taipu wa korti hatakiwi kumwandikia mtu mwenye shauri katika korti hiyohiyo. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nilimkuta akimalizia ukurasa wa mwisho.

Nikamwambia, "Mama, hii itakuletea taabu."

"Nani atasema?" aliuliza, akaichomoa karatasi. "Tuko mimi na wewe."

Mwenye ghala alipopokea hati ya kuitwa kortini, aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hakupiga kelele. Aliyaweka yale madai mezani.

"Huyu mwanamke hajui kusoma," alisema. "Nani amemwandikia Kiingereza kizuri hivi?"

Nami nikamwambia. Sikusitasita. Nilimwambia kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba alinitisha. Ni kweli aliniuliza baba yangu alikuwa askari wa nani, na wakati ule, jamaa za askari wale wakiwa bado wanashukiwa, swali hilo lilimtia baridi mtu yeyote wa Koboko. Lakini aliniuliza baadaye, siku ya pili. Siku ile ya kwanza hakuwa amenitisha kwa lolote. Nilitaka tu aone kwamba mimi najua mambo, kwamba mimi si kama wale wa sakafuni.

Siku ya pili alinipa karatasi tupu yenye kichwa cha biashara yake, akaniambia nipige barua ya kumwachisha Letaru kazi kwa utoro, niipe tarehe ya miezi minane nyuma, kabla mimba haijaonekana. Hapo ndipo aliponiuliza habari za baba. Kisha akaongeza kwamba anafikiria kufungua ofisi Koboko, na atahitaji mtu wa huko wa kuikalia, karibu na mama yangu. Nilipiga barua ile bila kosa hata moja. Vidole vilikuwa vimefundishwa vizuri.

Kortini niliapa kwa Kurani. Letaru alikaa benchi la mbele, mtoto akinyonya; wenzake wa ghala waliogopa kufukuzwa, hakuna aliyekuja kumshuhudia. Hakimu aliniuliza kama barua ile niliipiga mimi, nikasema ndiyo. Aliuliza kama niliipiga siku iliyoandikwa juu yake, nikasema ndiyo. Aliuliza kama mwanamke huyu alipewa, nikasema nilimpa mwenyewe, mkononi. Letaru alisimama ghafla, mtoto akaachia ziwa na kulia.

"We, dada! Ulinipa mimi? Ulinipa saa gapi? Angalia mimi!"

Karani alimwamuru akae. Mimi nilitazama meza ya hakimu.

Letaru alishindwa. Mama Karani hakuwamo chumbani siku ile. Kazi yake ilikuwa nyuma. Lakini alimshauri Letaru akate rufaa, na kwa ajili ya rufaa mwenendo wote wa kesi ulipaswa kupigwa taipu. Kwa hiyo maneno yangu yalimfikia kwa mwandiko wa hakimu, na akayapiga yote kwa vidole vyake.

Baada ya siku chache alimtuma mtu kwangu aniite. Nilikwenda jioni, kama zamani. Alikuwa ameweka kiti changu mahali pake. Alinikabidhi maandishi ya hakimu, akashika nakala yake na kalamu.

"Soma," alisema. "Tuone kama iko makosa."

Nilianza. Nilisoma ushahidi wa Letaru, nikasoma wa nyapara. Kisha nikafika penye jina langu. Nilisoma jinsi nilivyoapa. Nilisoma swali la kwanza na jibu langu, swali la pili na jibu langu. Yeye alifuata kwa kalamu, mstari kwa mstari, bila kuinua uso. Nilipofika kwenye maneno "nilimpa mwenyewe, mkononi," niliruka neno moja. Sikukusudia, au labda nilikusudia.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, na lile neno ndani yake.

Tulipomaliza alipanga kurasa, akazigonga mezani zikae sawa. "Iko makosa?" aliuliza.

Hapo alinipa nafasi. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Ningeweza kusema kweli. Nimeirudia dakika ile maisha yangu yote, na kila nikiirudia najisikia nikijibu kile nilichojibu.

"Hapana, Mama. Hakuna makosa."

Alitikisa kichwa kama anayekubali. Akanishukuru kwa kusoma.

Haukupita mwezi, mwenye ghala alimpelekea mkubwa wa korti malalamiko. Walilinganisha madai ya Letaru na karatasi za chumba cha nyuma, wakamuuliza Mama Karani, naye hakukana. Sheria ya kazi yake ilikuwa wazi, akaondolewa. Alitumikia pale tangu ujanani. Shangazi aliniambia kwamba siku ya kuondoka aliifunika mashine kwa kitambaa chake mwenyewe, akatoka na mkebe wa chakula tu. Rufaa ya Letaru haikwenda popote, kwa kuwa mtu aliyejua kuisukuma hakuwapo tena. Wanawake waliendelea kuja bombani kwa wiki kadhaa, kisha wakaacha. Baada ya kuniambia hayo, Shangazi hakunisemesha tena mpaka alipokufa, ingawa sikuwahi kumweleza nilichofanya. Nadhani Letaru alimweleza.

Mimi nilikwenda Koboko. Ofisi ya mwenye ghala ilidumu miaka miwili, kisha biashara yake ikaanguka, nami nikanunua ile mashine na kufungua kibanda changu cha taipu karibu na barabara ya kwenda mpakani. Miaka ya tisini ilipoingia, wakimbizi kutoka Sudan walijaa mjini, na nikawa nawaandikia barua za kutafuta jamaa, wake kwa waume. Wanawake wa Dranya walileta mashauri ya mashamba. Nilijikuta nikiwauliza kama wana karatasi. Walinisifu, wakasema naijua sheria. Kila waliponisifu nilitamani wanyamaze.

Serikali ilikuwa ikikusanya maoni ya katiba mpya wakati huo, na watu wa mtaa wakanichagua niandike ya wanawake wa sehemu yetu. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mwanamke mfanyakazi asifukuzwe kwa kuzaa. Wote walipiga makofi.

Mama Karani aliponijia, ilikuwa asubuhi ya soko. Alishuka kwenye lori la mizigo lililotoka Arua, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na miwani iliyofungwa uzi. Nilitoka nyuma ya mashine. Nikapiga magoti kumsalimia. Alinishika bega, akaniinua.

"Simama. Mimi iko na kazi ya kukupa."

Nilimpa kiti, nikaagiza chai na mandazi kwa mama jirani. Alikula kwa hamu. Akanieleza kwa mpangilio, siku baada ya siku, kama alivyowafundisha wengine. Shemeji yake alikuwa ameitaka nyumba. Alikuwa amemwambia arudi Logiri akalime, kwa kuwa kiwanja kina jina la mwanamume. Yeye alikataa. Kwa mara ya kwanza alikuwa anampeleka shemeji yake kortini, katika ile korti yake ya zamani, na alitaka nimpigie madai yake vizuri, kwa sababu macho yake hayakuona tena vibonye.

Niliyapiga. Alinisimamia, akanisomea, akanisahihisha mahali pawili. Nilipochomoa ukurasa wa mwisho nilimwambia kile nilichotaka kusema tangu alipotamka neno nyumba.

"Mama, mimi niliona. Nilikuwapo ukijenga. Nilibeba maji. Niite shahidi. Nitakuja Arua, nitasema yote."

Alikunja karatasi zake kabla ya kujibu. Alizikunja polepole sana.

"Hapana," alisema. "Wewe, hapana."

"Mama, tafadhali. Hakuna aliyeona kama mimi."

"Najua. Hakuna." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Mimi ndiye nilipiga taipu ile maneno yako. Nilijua ni uwongo. Ile mashine ya ghala, tulienda kuichukua pamoja, mimi na wewe. Barua yako ilikuwa na tarehe ya nyuma, na tarehe ile mashine ilikuwa haijafika. Nilijua siku ile ulikuwa unasoma."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza kama iko makosa."

Nililia. Mteja mmoja alichungulia, akaondoka. Nilimwambia yote, kuanzia siku nilipomtaja mbele ya mwenye ghala, na kwamba nilimtaja kabla ya kutishwa. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyowasikiliza wanawake wote.

"Utanisamehe, Mama?"

"Nilisha samehe, kitambo. Ningekuya hapa kama hapana?" Alisimama. "Lakini kortini siwezi kukusimamisha. Utaapa, na mimi najua vile wewe unaapa. Siwezi kupeleka mutu kama hiyo kwa hakimu, hata kwa nyumba yangu."

Nilimuuliza nifanye nini basi. Akaniambia Letaru yuko Logiri, karibu na kwao, analima muhogo, na yule mtoto amekuwa mkubwa. "Enda umwambie yeye. Hapana mimi."

Nilikwenda. Letaru alinisikiliza akiwa amesimama shambani, jembe mkononi. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nimekuja na mtu mwingine wa kusikia, nikasema sikuja na mtu. "Basi rudi na mutu," alisema, akaendelea kulima. Nilirudi wiki iliyofuata na mzee wa kanisa lao na majirani wawili, nikasema mbele yao nilichofanya. Letaru alinishukuru kwa maneno mafupi. Hakuniita dada.

Siku ya kesi ya Mama Karani nilipanda lori mpaka Arua. Hakunialika. Niliketi benchi la nyuma, miongoni mwa watu waliokuja kusikiliza mashauri yao. Hakimu alikuwa kijana, mgeni, hakumjua. Mama Karani alisimama wima. Shemeji alipoingia, hakupiga magoti. Alimsalimia kwa mkono, na yule mwanamume hakujua aushike vipi. Mashahidi wake walikuwa jirani aliyehamia nyumba ilipokwisha kujengwa, na fundi mzee aliyeezeka paa. Walisema kweli, lakini hawakuwapo tangu mwanzo. Mwishowe korti ilimwachia chumba alichokuwa akilala na sehemu ya ua; vyumba viwili vya mbele vilikwenda kwa shemeji, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa nani aliyevianzisha. Hukumu hiyo ilitolewa baadaye, na aliishi katika kile chumba mpaka mwisho wake.

Ila mimi nabaki na asubuhi ile. Fundi alipomaliza kusema, hakimu aliweka kalamu chini, akamtazama Mama Karani kwa upole. Nadhani alitaka kumsaidia.

"Mama, mwanzo wa ujenzi ndio unaogombaniwa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo, anayeweza kuieleza korti?"

Mama Karani aligeuka, akapitisha macho benchi kwa benchi, mpaka la nyuma. Aliniona. Macho yake yalikaa kwangu mpaka nikaanza kuinuka.

Kisha akamgeukia hakimu.

"Hapana, Bwana Hakimu," alisema. "Hakuna mwingine."